Mikono Minne ya Kulia Imepatikana

Haya ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Msimulizi wenu anaapa kwa jina la Mungu, kwa kaburi la mama yake, na kwa pensheni yake ya karani wa josho la ng'ombe, na kati ya hizo tatu mjue hawezi kuichezea ya mwisho. Anayebisha apande ngazi za duka la dawa za mifugo pale Isiolo, aende mpaka juu, asukume mlango ulioandikwa Redio Malisho, awaulize. Watamwambia hawajui chochote. Huo nao ni ushahidi.

Jumatatu moja ya mwezi wa pili, saa tatu kasoro dakika ishirini asubuhi, Nakuam alikuwa chooni pale redioni akijifunga skafu. Kioo kilikuwa kimepasuka kona moja na mtu alikuwa amekibandika kwa karatasi ya tangazo la dawa ya kupe. Akaizungusha skafu mara mbili, akaachia ncha moja mgongoni. Chini ya skafu, nyuma ya shingo, ulikuwa mkono wa meneja wa kituo, Bwana Lokuruka. Ulikuwa umekaa hapo miezi minane. Ulikuwa mkono wa kulia, umeishia juu kidogo ya kifundo bila damu wala kidonda, na ulivaa saa ya rangi ya dhahabu iliyokuwa mbele kwa dakika tano. Siku za kwanza Nakuam alikuwa akichelewa kulala kwa sababu ya mlio wa ile saa. Baadaye akawa hawezi kulala bila huo mlio, na hilo lilimuudhi kuliko mkono wenyewe.

Bisharo wa matangazo ya biashara aliingia, akafungua mfereji.

"Huyo wako umemuogesha?"

"Nimemuogesha. Kucha ndiyo zimekuwa refu."

"Ijumaa nitakuletea mkasi. Wangu amenikwaruza kiuno yote, bwana yangu akaniuliza kama nafuga paka."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ndiyo, nafuga paka."

Bisharo alikuwa na wake kiunoni, mwaka wa tatu sasa. Deka, aliyesoma habari kwa Kisomali, wake ulikuwa kwenye paja la kushoto, akawa anavuta mguu kidogo, na majirani wakaamini aliugua polio utotoni. Gacheri wa mapokezi wake ulikuwa kifuani. Alikuwa ananyonyesha, na mtoto alikuwa amejifunza kushika kile kidole gumba kwanza ndipo anyonye.

Jambo lenyewe hutokea kwa njia ya kawaida. Bwana Lokuruka alikuwa anakuja nyuma ya mtu, anauweka mkono, anasema neno kuhusu kazi. Mwanamke anajitoa, anakwenda, na mkono unakwenda naye. Meneja anabaki na kigutu mfukoni hadi jioni. Kufikia kesho yake kuna mkono mwingine umechipuka, laini, wa rangi ya pua ya ndama, na siku ya tatu umeota manyoya na unaweza kutia sahihi. Pete alikuwa akimchongesha sonara mmoja. Saa alizinunua kwa dazeni.

Nakuam yeye alishikwa hewani. Alikuwa anasoma habari za saa moja asubuhi, chanjo ya ngamia Garbatulla, taa nyekundu inawaka, meneja akaingia studio akiwa amevua viatu. Kazi ya redio ina sheria yake. Taa nyekundu ikiwaka, hata ukiumwa na nge hulii. Nakuam alisoma habari ya chanjo, akasoma ya barabara, akasoma hali ya hewa, akawatakia wasikilizaji asubuhi njema. Taa ilipozimika meneja alikuwa ameshatoka na mkono ulikuwa umebaki. Garbatulla nzima ilisema siku hiyo alisoma vizuri sana.

Kwa maana sauti yake ilikuwa mali. Ilikuwa sauti ya chini yenye moshi kidogo, kama maziwa yaliyokaa kwenye kibuyu. Ikianza, wanaume waliacha kubishana. Mzee mmoja wa Garbatulla aliwahi kuiposa bila kumwona mwenyewe, akatuma mjumbe na ngamia wawili. Mjumbe akarudishwa na ngamia wake. Nakuam alikwenda Rapsu mfereji wa shamba ulipokauka, akalala huko siku tatu, akarudi na habari iliyomtoa afisa mmoja kazini. Alikwenda Leparua. Alikwenda kila mahali ambako gari la kituo lilikubali kufika, na lilipokataa alishuka akatembea. Alikuwa ameahidiwa cheo cha mkuu wa habari kabla ya mwezi wa sita.

Ila tangu mwaka mpya mkono ulikuwa umeanza kusogea. Ulisogea upana wa kidole kimoja kwa wiki, kuelekea mbele. Nakuam alikuwa anaupima kwa utepe wa fundi wa nguo. Aliona ukifika kooni utashika, na ukishika kazi yake imekwisha, kwa sababu yeye hakuwa na ng'ombe wala shamba wala mume mwenye duka. Alikuwa na koo.

Basi akafanya anachojua kufanya. Aliwaketisha wenzake watatu nyumbani kwa Bisharo Jumapili mchana, akawarekodi mmoja mmoja, akakata, akaunganisha. Ikawa ripoti ya dakika kumi na mbili. Majina ya wengine aliyabadilisha. Lake aliliacha. Kanuni ya kituo ilisema hakuna ripoti inayokwenda hewani bila upande wa pili, na bila sahihi ya meneja. Kwa bahati vyote viwili vilikuwa ofisi moja. Akachukua kinasasauti akaenda kubisha.

"Ejoka, Nakuam. Keti."

"Nasimama tu, boss. Nataka upande wako."

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu mikono yako. Iko kwa wanawake wanne wa hapa kazini."

Bwana Lokuruka aliweka mikono yake juu ya meza, akaigeuza, akaigeuza tena kama mtu anayekausha ngozi.

"Hesabu."

"Miwili."

"Rekodi hiyo. Sema meneja amehesabiwa, amepatikana na mikono miwili. Mtu mzima ana mikono mingapi, Nakuam?"

"Miwili."

"Sasa habari iko wapi? Ulienda kusomea hii kazi Nairobi miaka mitatu, mama yako anauza mbuzi mpaka zinaisha, ukaambiwa mtu akiwa na mikono miwili hiyo ni habari?" Akacheka bila ubaya. "Halafu hii skafu uitoe. Inakuzeesha."

Mkono ulisikia sauti ya mwenyewe, ukasogea vidole viwili kwa mpigo.

Aliandika kwa wenye kituo, Nairobi. Walijibu upesi, barua nzuri, na fomu ndani yake. Swali la nne liliuliza kama mkono ulialikwa. La tano liliuliza kama mlalamikaji amejaribu kuuomba utoke kwa lugha ya staha. Akaenda kituo kimoja cha polisi. Afisa aliyempokea alikuwa binti mpole, akampa kiti, akamfungulia skafu mwenyewe, akautazama mkono pande zote, hata saa akasoma.

"Dada, hii siwezi kuandika shambulio. Aliyekushika lazima awe amekushika. Huyo bwana najua ako kazini na mikono yake, nimemwona leo asubuhi akinisalimia."

"Na hii ni nini?"

"Hii naweza kuandika mali iliyookotwa."

Nakuam alirudi kazini na hilo neno. Aliwaambia wenzake wakiwa jikoni mwa kituo wanasubiri chai ichemke. Gacheri alilia kidogo. Bisharo akatukana kwa lugha tatu. Deka ndiye aliyesema, "Abaayo, dada yangu, kama ni mali iliyookotwa, si tunatangaza?"

Hapa msomaji wa mbali lazima aelezwe jambo. Redio Malisho ina kipindi cha saa saba na robo mchana kiitwacho Aliyepotea. Ukipoteza mbuzi unatangaza, ukimwokota unatangaza. Hakuna anayekikagua kipindi hicho wala kukikata. Siku moja kilikatwa kwa sababu ya mpira, na wenye mifugo wakapanda zile ngazi na fimbo zao wakakaa kimya katika mapokezi mpaka jua likatua. Tangazo la aliyeokotwa hutaja rangi, jinsia na alama za mnyama, lakini alama moja hufichwa. Anayejidai mwenye mali huja Jumamosi sokoni mbele ya wazee, aitaje hiyo iliyofichwa. Akiitaja, amechukua. Jumamosi tatu zikipita bila mtu, aliyeokota hufanya atakavyo. Nakuam alianzia kazi katika kipindi hicho. Aliijua desturi kama jina lake.

"Alama ya kuficha ni mahali," alisema. "Hatusemi iko wapi mwilini. Akija kudai itabidi ataje mwenyewe, mbele ya soko, na mimi niko hewani na maikrofoni. Akitaja amekiri. Asipotaja, Jumamosi ya tatu tunaitupa kwa fisi."

"Na akijua tumemtegea?"

"Saa saba ako hotelini anakula nyama. Hasikilizangi hicho kipindi, anasema kinanuka mbuzi."

Walikunywa chai wakiwa na furaha. Hata Deka alivuta mguu kwa haraka siku hiyo.

Tangazo lilisomwa Jumatatu baada ya beberu mweusi wa Kinna na kabla ya punda wawili. Nakuam alilisoma bila kubadilisha sauti. "Imepatikana mikono minne, yote ya kulia, ya mwanamume mmoja, mtu mzima. Rangi ni maji ya kunde. Kila mmoja una saa ya rangi ya dhahabu na pete kidole cha kati. Ni mizima, haina ugonjwa, kucha zimekatwa. Ilionekana mara ya kwanza maeneo ya studio na ofisi. Alama moja imefichwa. Mwenyewe afike Jumamosi sokoni kwa wazee, aje na shahidi."

Mji ulipokea kama unavyopokea matangazo mengine. Watu waliuliza kama mikono ni mikubwa. Jumamosi ya kwanza walikuja wadai wawili. Mmoja alikuwa mwanamume wa Leparua aliyekatwa mkono na kinu cha kusaga mahindi. Alisema alama iliyofichwa ni kovu la moto, akaambiwa pole, si wako. Wa pili alikuwa mjane. Alisema anajua si ya marehemu, marehemu hakuwahi kumiliki saa, lakini kama kuna mmoja hauna kazi apewe aende nao nyumbani. Wazee walimwambia mali ya watu haigawanywi.

Jumamosi ya pili alikuja Bwana Lokuruka.

Alikuwa amelisikia tangazo hotelini, mhudumu alipoongeza sauti. Alivaa shati jeupe na kofia, akaja na mjomba wake awe shahidi na kondoo dume mnene akiwa amefungwa kamba. Hakuwa na haya hata chembe. Soko lilikuwa limejaa. Wazee walikuwa wanne, na msimulizi wenu anawakumbuka kwa majina: Kanchoro mwenyekiti, Lochoro, Ahmednur na Abdinajib. Walikuwa wameketi kwenye benchi la mnada, fimbo katikati ya magoti. Wale wanawake wanne walisimama upande wa lori la mbuzi. Nakuam alikuwa na maikrofoni mkononi na waya mrefu hadi kwenye gari la kituo, na mkono ulikuwa umefika chini ya taya. Ulikuwa umeacha upana wa vidole viwili tu. Alikuwa anameza mate kwa hesabu.

"Wewe ndiye mwenye mali?" Kanchoro akauliza.

"Ndiye mimi, mzee."

"Mbona uko na mikono?"

"Mzee, hata wewe uko na ng'ombe nyumbani. Ina maana aliyepotea si wako?"

Watu wakacheka. Kanchoro akacheka pia, akapangusa macho.

"Haya. Taja iliyofichwa."

Nakuam alimsogezea maikrofoni mpaka ikagusa kidevu chake. Katika maboma yote kuanzia hapo hadi Garbatulla watu walikuwa wameinamia redio.

"Wa Bisharo uko kiunoni, upande wa kulia, ndani ya nguo," alisema Bwana Lokuruka. "Niliuweka siku ya pili ya Idi, stoo. Wa Deka uko paja la kushoto, ndani ya gari la kituo, tukitoka mazishi. Wa Gacheri uko kwa titi la kushoto, alikuwa amerudi kazini wiki moja baada ya kuzaa. Wa huyu niliuacha shingoni nyuma, akisoma habari, taa ikiwaka. Lakini huo umetembea. Nasikia uko kooni karibu. Mimi hujua vyangu."

Alitaja na tarehe, na saa, na nguo ambazo kila mmoja alikuwa amevaa, kama mfugaji anayetaja siku ambayo kila ndama alizaliwa na mvua iliyokuwa ikinyesha.

Mke wa Kanchoro aliwachukua wanawake nyuma ya lori, mmoja mmoja, akaangalia. Akarudi akisuguasugua viganja.

"Ni hapo hapo. Hakukosea hata mmoja."

Kanchoro alitikisa kichwa kwa heshima. "Mimi ngamia wangu siwajui hivi. Mali ni yake."

Watu wakapiga makofi. Mjomba wa meneja akatema mate ya baraka.

"Mzee!" Nakuam alisema, na maikrofoni ikanguruma. "Hamjasikia? Amekiri! Amesema mahali, amesema siku!"

"Tumesikia, mama. Ndiyo sababu tunampa."

"Alitushika! Sisi hatukuokota, yeye alituwekea!"

Ahmednur, ambaye alikuwa mtu wa taratibu, alinyoosha fimbo. "Binti yangu, sikiza. Ungekuja na kesi ya kushikwa, tungekaa kwa kesi ya kushikwa. Hiyo ina wazee wake na siku yake. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kwa redio, ulisema kimepatikana. Kilichopatikana kina mwenyewe. Leo tunarudisha, hatuhukumu."

"Na mlikaa na vitu vya mtu miaka mitatu bila kutangaza," akaongeza Lochoro, akimtazama Bisharo. "Hiyo pia si vizuri. Mngeulizwa."

Abdinajib alitaka kujua kama mikono ilifanyishwa kazi. Gacheri, ambaye hakujua kudanganya, alisema wake ulikuwa ukimpapasa mtoto akilia, na mtoto analala. Wazee wakamwambia aseme asante. Gacheri akasema asante.

Kisha Bwana Lokuruka akatia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi. Wa Bisharo ulitoka kwanza, ukaanguka chini ya nguo yake na kishindo kidogo kama embe. Wa Deka uliteleza hadi kwenye kiatu. Wa Gacheri ulisita, ukageuka kuelekea kwa mtoto, kisha nao ukaja. Ilitembea kwa vidole juu ya mavumbi na samadi, saa zikimetameta, ikaingia gunia lililokuwa limefunguliwa. Watoto walikimbia pembeni wakiishangilia kama wanavyoshangilia wana-mbuzi wakipelekwa maji.

Wa Nakuam haukuja. Bwana Lokuruka akapiga mluzi mara ya pili. Mkono ukaruka ule upana wa vidole viwili uliobaki, ukashika koo lote, ukaminya, ukavuta. Ulipodondoka chini ulikuwa umefumba ngumi. Ndani ya ngumi kulikuwa na kitu kilichokuwa kikisema kwa sauti ya chini yenye moshi, bila pumzi: ni yangu, ni yangu, ni yangu.

Wazee waliinama wakasikiliza.

"Hiyo si mkono," alisema Abdinajib. "Hiyo ni sauti ya huyu mama."

"Ilikuwa kwake," Kanchoro alisema. "Lakini mbuzi akizaa kwa aliyemwokota, mtoto anafuata mama yake. Ndivyo baba zetu walivyofanya, na hakuna mtu alilia. Mama Nakuam, una neno? Sema sasa, kesi haijafungwa."

Nakuam alifungua kinywa. Aliinua maikrofoni ikagusa midomo. Wasikilizaji wa Redio Malisho walisikia upepo, mbuzi, na injini ya lori. Aliwaonyesha koo lake kwa kidole. Lilikuwa na alama nne za vidole upande mmoja na moja upande wa pili. Kanchoro alisubiri kwa haki kabisa, kwa muda wa kutosha mtu kumaliza kikombe cha chai.

"Amenyamaza," akasema. "Anayenyamaza amekubali."

Gunia likafungwa. Kondoo wa shukrani, ambaye kwa desturi ni wa aliyeokota, alichinjwa palepale na wazee wakamla, kwa sababu waliookota walikuwa wanawake wanne na kondoo alikuwa mmoja, na kugawa kungeleta ugomvi.

Kazini mambo yalirudi kuwa sawa. Bwana Lokuruka sasa ana mikono sita, miwili mwilini na minne mezani, na kazi imerahisika. Mmoja hutia sahihi, mmoja hupokea simu, mmoja huchuja chai. Ule wa nne, wenye ngumi, hukaa kwenye droo. Kukiwa na tangazo la biashara au habari za saa moja, huwekwa mbele ya maikrofoni na karatasi, unafungua vidole kidogo, na Nakuam anasikika. Anasoma vizuri kuliko zamani. Hachelewi, haugui, haulizi. Wasikilizaji hupiga simu kumpongeza. Yule mzee wa Garbatulla ametuma tena mjumbe, safari hii na ngamia mmoja, na meneja anafikiria. Cheo cha mkuu wa habari meneja aliipa sauti hiyo hiyo mwezi wa tano, na sherehe ndogo ikafanywa, soda na keki.

Mwenye sauti yeye aliandikiwa barua kwamba kituo hakiwezi kumlipa mtangazaji asiyeweza kutangaza. Ripoti yake ya dakika kumi na mbili ilifutwa kupata nafasi ya nyimbo. Bisharo, Deka na Gacheri walikaa bila mikono siku tisa. Siku ya kumi Bisharo alirudi nyumbani na mmoja begani, mpya, wa rangi ya pua ya ndama, na mumewe akauliza kama paka amezaa.

Nakuam alipata kazi ya kukaanga mandazi kwa Karwitha, mwenye kibanda cha chai nyuma ya mnada. Hapo ndipo msimulizi wenu hunywa chai yake, na hapo ndipo alikuwa akiisimulia hadithi hii kila siku, kwa watu wa lori, kwa wanunuzi wa ngozi, kwa yeyote mwenye masikio na kikombe. Aliisimulia vizuri. Akifika kwenye mluzi alikuwa akipiga mluzi mwenyewe. Akifika kwa wazee alikuwa akisema, "Walikuwa wanne!" na kuwataja kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na kuwasikitikia kwa ujinga wao.

Alhamisi moja saa nne asubuhi, alipofika kwenye majina hayo, Nakuam aliacha karai, akaja na mikono yenye unga, akasimama mbele yake. Akainua kiganja. Vidole vyote vitano.

"Wanne," alisema msimulizi wenu.

Nakuam hakushusha kiganja. Kisha akakunja vidole kimoja kimoja, Kanchoro, Lochoro, Ahmednur, Abdinajib, na kilipobaki cha mwisho akamwelekezea kifuani.

"Ati nini?" Karwitha akauliza. "Mzee, wewe ulikuwa kwa hiyo benchi?"

"Nilikuwa nimepita tu. Niliitwa nihesabu mikono. Mimi ni mtu wa kuhesabu."

"Ulisema kitu?"

"Nilisema ni minne."

"Na ulikula?"

Msimulizi wenu alisema yeye hana meno ya nyama. Watu wa lori walimtazama mdomo, wakayaona meno.

"Basi utalipa," alisema Karwitha. "Wewe ndiye unatuambianga hapa, sheria ya wazee, anayedanganya analipa kwa kile alidanganyia. Ulidanganya na nini?"

Hakukuwa na pa kutokea, kwa sababu kibanda kina mlango mmoja na watu wa lori walikuwa wameketi hapo. Msimulizi wenu akainamia kikombe chake, akakohoa mara tatu, na mara ya tatu sauti yake ikatoka yote, miaka sitini na minane, ikatulia juu ya chai kama malai. Haikuwa nzuri. Ilikuwa na tumbaku, na kikohozi cha tangu enzi za dawa ya josho. Karwitha akampa Nakuam, Nakuam akaipuliza ipoe, akainywa hadi chini.

Alikwenda nayo redioni siku hiyo hiyo. Mlinzi alimwambia nafasi za wazee zimejaa. Basi anaitumia pale kibandani, kuita wateja na kukemea mbwa, na ndiyo maana msimulizi wenu siku hizi anaandika kwenye daftari badala ya kusema.

Lakini neno lake la kwanza kwa sauti hiyo alilisema palepale, kabla hajavua aproni. Redio ya Karwitha ilikuwa inatangaza magodoro, kwa sauti ya chini yenye moshi kidogo, bei nafuu, wahi sasa. Nakuam alijipangusa midomo, akajaribu koo, akamwinamia mzee sikioni na kumuuliza kwa sauti ya mzee mwenyewe, yenye kikohozi:

"Ile nyama ilikuwa tamu?"

Msimulizi wenu alifungua kinywa akatae. Hakuwa tena na kitu cha kukatalia. Akaitikia kwa kichwa, ndiyo.

Nakuam akarudi kwenye karai kabla mandazi hayajaungua.